Kaburi Kwenye Shimo la Kumi na Mbili

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama mlangoni na shemeji yangu, bado nipo pale pale. Na kwa aliyechelewa kujiunga nasi nitasema kwa ufupi yaliyonifikisha mlangoni hapo, maana msiba wangu ni mrefu na gazeti ni dogo.

Mimi ni mjane. Au tuseme, mpaka Jumanne ile nilikuwa mjane.

Mume wangu alikuwa fundi bomba katika kiwanda cha magodoro, mji wa mbali. Kiwanda kikaungua. Kaka yake mkubwa, huyu shemeji ambaye watu humwita Mpole, ndiye aliyekwenda kumchukua, akarudi na jeneza lililopigiliwa misumari pande zote. Alisema lisifunguliwe. Alisema bora tubaki na ile sura tuliyoijua. Tukamzika kwenye eneo la ukoo, juu ya mteremko, kando ya baba yake. Mtoto hatukuwa tumejaliwa, kwa hiyo nilibaki mimi na mama mkwe na picha moja ukutani.

Kisha gofu ikaja.

Mwanzoni tuliiona kichekesho. Watu wazima wanapanda ndege kuja kupiga kimpira kwa fimbo, halafu wanakifuata kwa miguu, wakikikuta wanakipiga tena. Lakini kichekesho kile kilileta lami, kikaleta taa, kikaleta hoteli yenye madirisha mengi kuliko milango. Mwenye chumba cha ziada alikipaka chokaa, akatundika kioo na neti, akakiita nyumba ya wageni. Jirani yangu aliyekuwa akishona sare za shule sasa anashona kofia. Mimi nikawa kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji, na wenzangu wakanibandika jina la Mwavuli kwa sababu mvua ikianza, mgeni wangu haloi. Naloa mimi.

Huko huko uwanjani nilikutana na msimamizi wa nyasi. Sote tunamwita Bwana Nyasi. Ni mtu wa maneno machache, anayeongea na majani kuliko watu. Aliniposa mwaka huu nami nikakubali, na mama mkwe mwenyewe akasema mwanangu olewa, huwezi kulala na picha.

Sasa, uwanja wetu ulikuwa na mashimo tisa. Mgeni akiyamaliza anarudi kuyacheza yale yale, kama mtu anayegeuza samaki akakuta upande wa pili umekwisha liwa. Mawakala wa safari wakamwambia meneja wazi kwamba wageni wao huuliza swali moja tu kabla ya kukata tiketi: mashimo mangapi? Wakisikia tisa, wanakwenda kwa jirani. Ikaamuliwa yawe kumi na manane.

Shimo la kumi na mbili likaangukia juu ya makaburi yetu.

Yalikuwa matatu: la babu, la baba mkwe na la mume wangu. Ukoo ukakaa, ukaongea, ukakubali yahamishwe. Aliyepinga alikuwa mmoja, naye alikuwa Mpole, mtu ambaye tangu nimjue sijamsikia akikataa hata chai iliyopoa. Na hakupinga yote. Babu ahamishwe, baba ahamishwe, lakini mdogo wake aachwe alipo.

Ndicho alichonifuata nacho mlangoni.

Alisimama pale akiizungusha kofia yake mikononi. Akaniambia mimi ndiye mjane, na mjane akikataa, ofisi ya uwanja haiwezi kugusa udongo ule. Nikamuuliza kwa nini nikatae. Akasema aliyekufa kwa moto hasumbuliwi. Nikamuuliza nani kasema. Akasema watu. Watu gani, hakuwajua.

Alipoona simuelewi, akageuka. Kama ni lazima, basi nimwachie yeye. Atakuja na vibarua alfajiri, watoe, wazike upya, amalize kabla sisi hatujaamka. Mimi nisijipe uchungu mara mbili.

"Shemeji," nikamwambia, "dakika hii ulikuwa hutaki aguswe. Sasa unataka umguse peke yako."

Akavaa kofia yake. "Nakuonea huruma tu," akasema, akaondoka.

Nilibaki nikimtazama mgongo. Mtu anayekataa mzigo kisha akaubeba mwenyewe mbio mbio, hataki uone kilichomo. Kwanza nilidhani ni fidia ya makaburi inayomtoa udenda. Nikauliza ofisini. Wakaniambia Mpole alikwisha kuja kusema kila kitakachotolewa nipewe mimi. Hapo ndipo niliposhtuka. Mwizi unamwelewa. Asiyetaka kitu na bado anahangaika, huyo ndiye wa kuogopwa.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta kitandani anakunja nguo. Nikamweleza, nikitegemea atasema mwache kaka mtu afanye, ndiye mkubwa. Hakusema hivyo. Alikunja shuka mpaka likawa dogo kama kitabu, akaniambia kaburi lihamishwe, sote tuwepo, na jeneza lifunguliwe.

"Kwa nini lifunguliwe, mama?"

"Litakuwa limeoza. Atahitaji sanduku jipya," akasema. "Au wewe unaogopa?"

Aliyasema hayo bila kunitazama. Mwanamke huyu alilia kaburini mpaka akabebwa. Leo anazungumza habari ya kumfukua mwanawe kama anayezungumzia kuhamisha kabati.

Mmoja hataki lifunguliwe, mmoja hataki lifungwe. Nikawa kama kuku mwenye vifaranga, kila kivuli naona mwewe.

Mtu niliyebakiwa naye ni Bwana Nyasi. Nilimfuata kwenye kitalu, kapiga magoti anabonyeza udongo kwa dole gumba. Nikamuuliza kama lile shimo la kumi na mbili haliwezi kupinda kidogo, likapita pembeni ya makaburi, yaishe. Akajibu kwamba mchoraji wa uwanja ndiye anayeamua. Yeye ni mtu wa nyasi tu. Mchoraji akisema nyoofu, ni nyoofu.

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Kidole changu kilikuwa na pete yake.

Siku mbili baadaye nikapangiwa kumbebea mikoba mchoraji mwenyewe. Ni mzee mgeni, mrefu, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Alikuwa akipiga mpira, anasimama, anatazama mbali, anapiga picha ya mteremko. Tulipofika ukingoni, alinyoosha fimbo yake kuelekea makaburini akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema pale alikuwa amechora kona nzuri sana, kona ambayo wachezaji wangeikumbuka nyumbani kwao. Nyasi zingezunguka makaburi kwa heshima.

Nikamuuliza kilichoiondoa kona hiyo.

"Msimamizi wenu wa nyasi," akasema. "Yeye kusema maji kutuama pale kwenye kona. Yeye kuomba sana. Mimi kunyoosha."

Mkoba ulinitoka begani. Fimbo zikamwagika, na mzee wa watu akainama kunisaidia kuokota akidhani nimechoka.

Maji hayatuami pale. Nimepalilia kaburi lile masika yote, na kando yake sijawahi kukuta hata dimbwi la kunawa mikono. Bwana Nyasi anayejua kila unyasi unakunywa kiasi gani hawezi kukosea jambo hilo. Kwa hiyo alikuwa amedanganya mara mbili, kwa mchoraji mara moja na kwangu mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakaribia kukishonea nguo ya harusi.

Sikumuuliza. Nilitaka kuona kwanza. Nikatia sahihi yangu ofisini kwamba kaburi lifunguliwe mbele ya familia.

Ikafika Jumanne.

Ilikuwa asubuhi ya jua, na wageni walikwisha anza kucheza chini bondeni. Ulisikia fimbo ikigonga mpira, kisha kimya, kisha makofi madogo. Huku juu kulikuwa na vibarua wanne, bwana afya na glavu zake, jamaa wachache wa ukoo, na mama mkwe aliyeletwa kwa kile kigari cha kubebea wachezaji. Alikaa humo ameshika pochi yake magotini kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Babu alitoka salama. Baba mkwe alitoka salama. Mpole hakuwepo, na jamaa walianza kunong'ona, mpaka tulipomwona anapanda mteremko polepole kwa miguu. Alikuja akasimama nyuma ya wote. Hakumsalimia mama yake.

Bwana Nyasi alisimama upande wa pili wa kaburi, mikono nyuma.

Jembe likagonga ubao. Jeneza lilikuwa limeoza upande wa chini, kama mama alivyosema, na vibarua walipolinyanyua kwa kamba likapasuka likingali hewani. Nilifumba macho. Nilisikia kishindo, kisha sikusikia mtu akilia. Kimya kile ndicho kilichonifumbua macho.

Chini palikuwa na viroba. Viroba vya plastiki, vimefungwa midomo kwa kamba, na kimoja kimechanika kinamwaga mchanga. Mchanga mweupe wa kujengea. Bwana afya alishuka, akavisogeza kimoja kimoja kwa mguu, kisha kwa mikono, akapekua hadi ubao wa mwisho.

"Hapa hakuna mtu," akasema. "Na hajawahi kuwepo."

Watu wote walitazama kaburini. Niliinua kichwa kumtafuta Bwana Nyasi, nikakuta yeye hakuwa akitazama kaburini. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikajua papo hapo kwamba alijua.

Lakini sikupata nafasi ya kusema, maana nyuma yetu Mpole alikuwa amekaa chini kwenye udongo uliochimbwa, mtu mzima na suruali yake ya sherehe. Akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema siku ile alipofika kiwandani hakukabidhiwa mwili. Alionyeshwa majivu. Majivu ya watu na ya magodoro yamechanganyika, na hakuna aliyeweza kusema yapi ni ya nani. Wengine waliofuata ndugu zao walirudi makwao mikono mitupu. Yeye alimfikiria mama aliyekuwa nyumbani hali wala halali, anasubiri kitu cha kukizika. Akanunua jeneza, akatafuta mchanga.

"Ningemwambia nini mama?" alisema. "Nilitaka awe na mahali pa kulilia."

Jamaa walianza kufuta macho. Mjomba mmoja aliyekuwa amekunja ngumi akaikunjua. Hata mimi, niliyekwenda pale nimemchukia, nilijisikia mdogo kama punje. Mtu alibeba siri ile peke yake kwa ajili yetu, nami nilimdhania udenda wa fidia.

Mama mkwe akashuka kwenye kigari. Hakutaka kushikwa mkono. Alitembea hadi mbele ya mwanawe.

"Nilijua," akasema.

Mpole akainua uso.

"Nilijua siku ile ile. Walipoteremsha jeneza, waliliinamisha, nikasikia kitu kinatiririka. Mtu hatiririki, mwanangu." Akaihamishia pochi yake kwapani. "Miaka yote hii nilikuwa nakusubiri uniambie mwenyewe. Uliponyamaza, nikasema acha watu wa gofu wanisaidie."

Kwa hiyo lile shuka lililokunjwa mpaka likawa kitabu maana yake ilikuwa hiyo. Hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa amechoka kulilia mchanga.

Hapo fumbo lilikwisha, ndivyo nilivyodhani. Mume wangu alikufa, akawa majivu, kaka yake akatuonea huruma kwa njia ya kijinga. Ningeweza kulia nikaenda zangu nyumbani.

Lakini kulikuwa na yale macho upande wa pili wa kaburi.

Nilimkuta Bwana Nyasi kwenye banda la mashine za kukatia majani, karibu na pale pale, amejifanya anakagua visu. Banda linanuka mafuta na majani mabichi. Nikasimama mlangoni ili asipite. Nikamwambia mchoraji amenieleza yote, kona na uongo wa maji, na kwamba nikitoka humo bila jibu, pete yake ataikuta kwenye pipa la taka.

Alikaa juu ya tairi, akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa michafu.

Akaniambia kwamba mwaka jana alitumwa kwenye uwanja mwingine wa gofu, ule mkubwa wa ufukweni ng'ambo ya mpaka, kununua mbegu za nyasi zinazovumilia chumvi. Siku ya pili, bomba la kumwagilia likapasuka, akaitwa fundi. Fundi akaja, akapiga magoti, akalifunga. Alipoinua kichwa kuomba bisibisi, Bwana Nyasi aliiona ile sura. Sura ya ukutani kwangu. Upande mmoja wa shingo ulikuwa na kovu la moto, lakini sura ilikuwa ile ile.

Niliegemea mlango. Nilihisi bati la moto mgongoni na sikuondoka.

Nilimwambia duniani wawili wawili, kufanana kupo. Akasema naye alijiambia hivyo. Fundi yule pale anaitwa kwa jina jingine. Kwa hiyo alimwita kwa jina la mume wangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu yeyote. Na fundi akageuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nimetunga. Au ungeniacha siku hiyo hiyo." Alikuwa anazungumza na sakafu. "Na nisingekuambia, ningeoa mke wa mtu. Nikaona udongo useme wenyewe. Kama kaburi lina mtu, basi macho yangu yalinidanganya, tunaoana. Kama halina, ujue."

"Ukamfukulisha mama mzima mwanawe ili ujue kama utaoa."

Kulikuwa na spana karibu na mkono wangu, nikautia mkono mfukoni.

Kisha nikamuuliza kama walizungumza. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza walizungumza nini. Alianza kuzunguka, mara mbegu, mara chumvi, mara hali ya hewa. Nikamwambia aseme.

"Nilimwambia natoka wapi. Kisha akaniuliza kama umeolewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ndiyo." Alikikunja kile kitambaa. "Nilimwambia mume wako ni mimi. Wakati ule hata posa nilikuwa sijaileta."

Nje, chini bondeni, wageni walipiga makofi yao madogo. Mtu alikuwa ametumbukiza mpira.

Sikujua nimkasirikie nani kwanza: aliye hai akaniacha nimlilie, au huyu aliyejifanya mume wangu kabla sijamjua vizuri. Nilijikuta nauliza swali dogo tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Na yeye alisemaje?"

Bwana Nyasi aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie humo.

"Aliokota vyombo vyake. Akasema, kama ni hivyo, basi kaka aache kuniletea habari zake."

Nilimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno.

Kaka aache kuniletea habari zake.

Majivu, basi, hayakuwepo. Hakukuwa na mtu aliyeonyeshwa majivu ya watu na magodoro. Miaka yote hiyo mwanamume mmoja alikuwa akivuka mpaka kwenda kwa ndugu yake aliye hai, anampa habari zangu, jinsi ninavyopalilia, jinsi ninavyolia, kisha anarudi kukaa nasi mezani kwa mama akisema pole. Na hata leo, mchanga umemwagika mbele ya watu wote, alikuwa na uongo wa pili umekunjwa vizuri chini ya ule wa kwanza.

Nilitoka bandani mbio hadi kaburini, nikasimama.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye udongo, yule mwanamke asiyeweza kupiga magoti bila kushikwa. Kichwa cha Mpole kilikuwa kwenye mapaja yake. Alikuwa anampangusa vumbi usoni kwa upande wa kanga yake, anamwambia polepole kwamba yamekwisha, kwamba amemsamehe, kwamba mtoto mmoja aliyebakiwa naye hawezi kumpoteza kwa sababu ya viroba vya mchanga. Jamaa walikuwa wamerudi nyuma kidogo kuwapisha. Sijamwona mama yule na uso mwepesi kiasi kile tangu nilipoletwa nyumbani kwake nikiwa bi harusi.

"Njoo, mwanangu," akaniita, akinipigia udongo wa kando yake kwa kiganja. "Njoo umsamehe na wewe, tumalize."

Mpole akageuza kichwa pale pale mapajani. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, akamwona Bwana Nyasi amesimama mlangoni mwa banda na kitambaa mkononi.

Akajua kwamba najua. Taratibu, chini ya mkono wa mama yake, akanitikisia kichwa: usiseme.

Mama alikuwa bado amenyoosha kiganja, ananisubiri.